Pale Mkono Wangu Ulipoishia

Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo
7 Machi 2024

Kwako Azza,

Assalaam alaykum. Natumaini barua itakukuta mzima, na magoti ya mama yamepata nafuu. Mimi mzima wa mwili. Nampa kaka yako Hashil akuletee, maana amekuja kununua bidhaa za duka. Nilikupigia simu, ukakata. Sikulaumu.

Leo imetimia miaka mitatu tangu mume wangu Ridhiwani aondoke, na kwa miaka hiyo mitatu sijachora ua la kofia la kukuletea ushone kama zamani. Nikikaa na bafta na penseli, mkono unakuwa kama wa mtu mwingine. Shaweji wetu anaoa mwezi wa kumi na moja, na ameshasema: "Mama, ya dukani sivai. Bora nioe kichwa wazi." Unamjua, kichwa kigumu kama baba yake.

Nimejiunga na kikundi cha wasanii waliokwama. Tunakutana Alhamisi baada ya Alasiri, juu ya duka la vitambaa. Mtu anasimama: "Naitwa Wilbert, mchora mabango, mwaka wa pili sijashika brashi." Wote wanajibu: "Karibu, Wilbert." Siku ya kwanza nilitaka kucheka, nikajikuta nalia. Kuna hatua kumi na mbili. Ya kwanza ni kukiri kwamba peke yako umeshindwa, kisha unamwachia Mungu. Kila siku unakaa na kazi yako dakika tano, hata utoe mstari mmoja. Ya nane ni kuandika majina ya watu uliowakosea, ya tisa kwenda kwao. Bi Klara, mtunzi wa nyimbo za kwaya, ndiye anayenilea. Aliniuliza nina majina mangapi. Nikamwambia, moja.

Siku ya arobaini uligawa nguo za marehemu sadaka, kama desturi. Ukatoa na ile kofia niliyokuwa namshonea, baada ya kuimalizia mwenyewe. Nikakuita mwizi wa maiti mbele ya watu. Wewe, uliyenipikia uji siku zote zile. Nisamehe.

Ni mimi,
Mwanne

Kariakoo
30 Mei 2024

Kwako Azza,

Salamu nyingi kwako na kwa mama. Huku mvua imepungua, tope bado.

Hashil amekuja mara mbili mikono mitupu. Anasema, "Dada ameisoma, ameikunja, ameitia kabatini." Bi Klara ananiambia hatua ya tisa haidai jibu. Sawa. Lakini kuna jambo sina mwingine wa kumwambia.

Jumanne nilikuwa natoka sokoni. Mzee mmoja anasukuma mkokoteni wa maboksi ya viatu, anapiga kelele, "Kando mama, mguu huo!" Nikatazama kichwani. Ile kofia, Azza. Imekuwa rangi ya chai. Nikamfuata mpaka Msimbazi, mpaka akasimama akanigeukia: "Mama, umepotea au umenipenda?"

Nikamwomba niishike. Anaitwa mzee Mchopa, mtu wa Newala. Akasema, "Nilipewa msibani. Kila nikiivaa namwombea mwenyewe, ila jina silijui." Nikamwambia, Ridhiwani. Akalirudia taratibu, kama mtu anayeliweka mfukoni.

Nilikuwa katikati ya ua la tatu simu ya hospitali ilipoita. Nikatafuta pale mkono wangu ulipoishia na wako ulipoanzia. Niligeuza nje, nikageuza ndani. Sikupaona. Umeshona kama mimi, uzi ukizunguka tundu kwa tundu.

Nikarudi nyumbani nikakaa dakika tano zangu. Zikawa saa nzima. Nimechora nusu jani.

Mwanne

Kilwa Kivinje
9 Juni 2024

Kwako Mwanne,

Wa alaykum salaam. Mama hajambo, magoti ni yale yale na ulimi ni ule ule. Anakusalimu.

Barua yako ya kwanza niliisoma nikakasirika upya. Ya pili imeniliza mbele ya wateja wa Hashil.

Siku ya tatu ya msiba ulisema, "Toeni kila chake, nisikione." Nikakutii. Nguo ambayo haijamalizwa haitolewi sadaka, ndiyo maana nikamalizia. Lakini ilipofika arobaini sikukuuliza tena, na kofia ya mume wa mtu huulizwa. Hilo ni kosa langu. Na mimi nisamehe. Tangu siku ile sijashika sindano, nauza bagia.

Sasa usinichoshe na nusu jani. Nani anavaa nusu jani? Lete bafta nzima kabla Agosti haijaingia, la sivyo kijana aoe kichwa wazi kweli, nasi tuaibike.

Shoga yako,
Azza

Kariakoo
25 Julai 2024

Shoga yangu Azza,

Salamu, na shikamoo yangu kwa mama.

Bafta hiyo hapo. Unakumbuka Ridhiwani alivyomenya chungwa? Ganda moja refu, halikatiki, kisha analitundika kwenye msumari wa dirisha kama medali. Nimechora ganda hilo, linazunguka kofia nzima bila kukatika. Nilifuta mara nyingi hadi nikatoboa kitambaa cha kwanza. Hiki ni cha pili.

Leo nimesimama kikundini nikaikunjua. Wilbert akasema, "Bi Mwanne, mate yananitoka." Walicheka, wakapiga makofi, Bi Klara akaimba. Azza, nimechora!

Shoga yako,
Mwanne

Kivinje
20 Oktoba 2024

Mwanne shoga,

Huku hatujambo, ila macho yangu yameisha. Ganda lako hilo limenitoa jasho, hakuna pa kupumzika. Harusini sitafika, mama simwachi peke yake na magoti yale.

Kofia imekwisha, isipokuwa tundu moja la nyuma. Hilo sikuligusa. Ni lako.

Azza

Kariakoo
18 Novemba 2024

Shoga yangu Azza,

Salamu za furaha. Tumekwisha kumwoza kijana, sauti imenikauka kwa vigelegele, miguu imevimba, nacheka peke yangu.

Lile tundu nililishona Ijumaa asubuhi, Shaweji amesimama mlangoni na kanzu: "Mama, sheikh anasubiri!" Nikamwambia sheikh ana subira kuliko wewe. Alipoivaa akajishika kichwani, akaufuata mzunguko kwa kidole. Akauliza, "Chungwa la baba?" Sikuwa nimemwambia.

Mzee Mchopa nilimwalika. Amefika na ile ya zamani, kaifua na kuitia wanga. Wakakaa jamvi moja, kofia zetu mbili, Azza, na watu wakawa wanauliza nani kashona. Nilitaja jina lako kwanza, kwa sauti, mbele ya baadhi ya wale wale walionisikia siku ile.

Maharusi wengine watatu wameshaagiza. Wilbert ametuchorea kibao, herufi nyekundu: MWANNE NA AZZA, KOFIA ZA MKONO. Ni bango lake la kwanza tangu akwame. Hashil anakuletea bafta tatu na uzi, basi bagia zipumzike.

Hatua ya kumi na mbili ni kumshika mkono aliyekwama nyuma yako. Nimepewa binti anaitwa Nawal, mchora hina. Alhamisi nilimkalisha karibu yangu, nikasimama: "Naitwa Mwanne, mchora kofia." Sikuongeza neno, wakaitikia wote.

Ukitia uzi sindanoni, shoga, unikumbuke.

Dada yako,
Mwanne