Kiazi Kikuu Ulichokibeba Chini ya Kiondo

Mama Wambui, mke wangu,

Nakuandikia kutoka Thika, katika chumba cha kupanga ambacho hukukiona. Upepo ukigeuka, tunaletewa harufu ya mananasi yanayochemshwa kiwandani. Wambui wetu anafanya kazi huko. Jioni anarudi vidole vimechubuliwa na maji ya matunda, anapika, ananiuliza nimeshindaje. Namjibu nimeshinda vizuri. Tangu tukuzike kule Ruiru, moyo wangu umekuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu: najua upo, lakini siuhisi.

Kulikuwa na jambo moja la kuamua, nami nilizoea kuamua nikiwa nawe. Ni kuhusu kile kiazi kikuu chako.

Wajukuu wakisoma barua hii huenda wasielewe, kwa hiyo niruhusu nieleze. Unajua siwezi kujizuia. Kiazi kikuu si kama kiazi kitamu, ambacho mwanamke hupanda leo na kuchimba msimu ujao. Kwetu hupandwa na mwanamume, chini ya mti tunaouita mukungugu, kamba zake zipate pa kupanda. Hukaa miaka. Ukichimba, unakata cha kula na kichwa unakirudisha udongoni. Basi hakuna mtu anayekipanda mahali anapopita tu. Na mgeni aliyekaribishwa kwenye ardhi ya mwenzake hakipandi kabisa, mpaka mwenye ardhi aseme.

Siku ile ya vita askari walipotuamuru kuhama kilimani kwetu, watu walibeba vyungu, blanketi na kuku. Wewe ulibaki nyuma ukichimba. Askari mmoja alicheka, akakuuliza kama huko tuendako hakuna chakula. Ulikata kichwa cha kiazi, ukakifunga kwa majani ya mgomba, ukakiweka chini kabisa ya kiondo, na juu yake nguo za kanisani.

Ruiru nilipata ukarani kwenye shamba la kahawa, tukapewa chumba katika safu ya nyumba za wafanyakazi. Tuliruhusiwa kulima mahindi na maharagwe, basi. Ukapanda kichwa kile ndani ya debe lililotoboka, ukaliweka kando ya mlango. Majirani walisema mke wa karani anafuga kiazi kama mbuzi, wakakuuliza kama kinatoa maziwa. Ukawajibu kwamba kinatoa, ila hakikamuliwi mbele ya wageni.

Kiangazi kilipofika kamba zilikauka. Nikadhani kimekufa, nikainua debe nilimwage. Ukanishika mkono.

"Mwalimu, kimelala. Kiache."

Uliniita Mwalimu, kwa kunitania, nilipokosea tu. Siku nyingine nilikuwa Baba Wambui. Mvua ziliponyesha kikachipua. Uliniwekea uji mbele yangu, ukanitazama hadi nikacheka mwenyewe.

Nilikushauri tukipande nyuma ya nyumba, kimyakimya. Ukakataa. Ulisema nyumba ile ina mwenyewe, na sisi tuko njiani. "Utakipanda wewe, tukifika." Tangu hapo kila mahali tulipokwenda ulipapima kwa macho. Thika ndiyo uliyoipenda. Tulikuja kumwona Wambui, tukapita sokoni ambako akina mama wauza nduma walikusalimu kama mtu wao, kisha tukakaa kwenye nyasi karibu na mto. Ulivua viatu. Ukasema, "Hapa naweza kuzeeka." Baada ya hapo ukaja ule ugonjwa wa kifua.

Nililia siku tuliyokuzika? Sikumbuki. Wambui anasema sikulia.

Ndugu yangu ameniita nirudi kilimani, ardhi inagawanywa upya. Nilikwenda kupatazama. Handaki la wakati wa vita lilipita katikati ya shamba letu, na mukungugu ulikatwa wakati wa kujenga uzio. Nilisimama pale nikingoja kitu kiniite. Hakikuniita.

Hapa mzee mmoja, Kamande, amenikaribisha ukingoni mwa mji. Tulikula mbuzi pamoja, akanionyesha mahali pa kujenga nyumba ya vyumba viwili. Nyumba ilipokaribia kwisha alikuja, akaona debe nililolihamishia mlangoni, na kamba kavu zikining'inia. Akauliza ni la nini. Nikamwambia ni la marehemu. Akachungulia ndani, akachokora udongo kwa kidole.

"Mgeni hupanda mahindi," akasema. "Wewe unataka kuwa mgeni hadi lini?"

Akaenda zake bila kuaga, nikafikiri nimemuudhi. Kesho yake akarudi na tawi la mukungugu begani, limekatwa vizuri kwa kupandwa. Alisema mti huu hushika ukichomekwa tu, hata na karani. Wambui aligeuka upande akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu Ruiru.

Basi niliamua. Jana nilichimba shimo, nikasimamisha tawi, nikatoa kichwa kwenye debe. Kilikuwa kizito kuliko nilivyodhani. Wambui alimwaga maji. Nilingoja nihisi furaha, au hata uchungu, nikaona tu mikono yangu ina udongo. Nikanawa. Tukala.

Leo asubuhi niliamka nikatoka kwenda kupaona, kule kwenye nyumba mpya. Hakuna cha kuona, ni tawi kavu na udongo uliochimbuliwa. Nilipokuwa nimesimama pale, Mzee Kamande akapita na ng'ombe wake, akasalimu kama wazee wasalimianavyo wakipita mlangoni: "Baba Wambui, uko nyumbani?"

Nikamjibu, "Niko."

Alipokwisha kupita ndipo nilipotazama chini, nikaona sijavaa viatu.

Mvua bado, Mama Wambui. Kiazi kimelala. Nimekiacha.

Pumzika huko Ruiru.

Mumeo,
Baba Wambui