Siku Maziwa Yako Yalipoitwa Maji

Mama wangu mpendwa,

Wiki hii sabuni imepanda bei tena, na chumvi imeifuata. Nilipotoka dukani nilikukumbuka wewe na bidoni yako ya maziwa, tukishuka mulima asubuhi kwenda soko ya Rubaya. Malisho yetu yalikuwa karibu kuliko ya wengine wote, kwa hiyo maziwa yako yalifika yangali na joto la ng'ombe. Wachimbaji wa madini walikungoja, kila mumoja na kikombe chake mukononi.

Wakati ule pia bei zilikuwa zinatuchoma. Wauzaji wengine waliongeza maji. Hata mimi siku moja nilikushauri tuongeze kikombe kimoja tu, nani angejua? Uliniangalia weee, kisha ukasema: "Muntu ananunua maziwa. Maji iko nayo kwake."

Halafu komite ya soko ikaleta mashini ndogo ya kupima maziwa. Niliifurahia, Mama. Nilisema sasa wadanganyifu watajulikana, na hata leo nasema mununuzi ana haki ya kujua anachokunywa. Ulipimwa wa kwanza kwa kuwa ulifika wa kwanza. Papa mumoja, mukubwa wa komite, alichovya mashini, akasoma kioo chake, akasema kwa sauti: "Mama, humu muko maji."

"Maji gani?"

"Mashini haisemake uongo."

Wakamwaga bidoni nzima mbele ya watu. Ulitazama maziwa yakitiririka kwenye matope, ukafunga kitenge chako vizuri, ukaanza kupanda mulima. Nilikufuata nyuma. Tulipofika mahali pasipo na watu nikakuuliza, kwa sauti ndogo: "Mama, ao uliongeza kidogo?"

Hukunikemea. Ulisema tu: "Ile mashini haijue ng'ombe yangu. Lakini wewe, mutoto wangu, unanijua."

Siku tatu hukushuka soko. Siku ya nne ulimfunga ng'ombe wako kamba, ukamshusha mpaka mbele ya komite, ukamkamua pale pale, watu wote wakiona. "Pima," ulisema. Papa akapima. Mashini ikasema maji! Soko nzima ilicheka, hata yeye mwenyewe. Daktari wa mifugo alipoitwa, alieleza kwamba maziwa yapoe kwanza ndipo yapimwe; yakiwa na joto, mashini inakosea. Papa wa komite akakushika kwa mikono miwili: "Utusamehe, Mama." Ulimsamehe, ukamujazia kikombe.

Mimi sikukuomba musamaha. Nilishika kamba ya ng'ombe, tukarudi, ukiimba njia nzima, nami nikijiambia kwamba umekwisha kusahau swali langu. Nilijiambia hivyo mwaka baada ya mwaka, mpaka tulipokuzika.

Sasa niko ndani ya komite hiyo. Mashini ni mpya, na ninaitumia kila siku ya soko, kwa sababu wadanganyifu wangali wapo. Lakini kabla ya kumwaga maziwa ya mama wa muntu, ninamwita kando, ninamuuliza habari za ng'ombe wake, ninayaacha yapoe, ninapima tena. Wenzangu wanasema ninachelewesha soko. Waseme.

Mama, nilikuwa ninakujua. Niliishi ndani ya nyumba yako, nilikula kwa mukono wako, na bado nilikuuliza. Unisamehe. Pumzika kwa amani.

Ni mimi, binti yako