Vua Viatu Usikie Matope

Mama yako kapata ile kazi, Salma. Atawafundisha utafiti wanafunzi wa chuo, wenyeji wa asili wa nchi hii tuliyohamia, kama baba yako, hukohuko mtoni kwao. Mji wetu mzima wa Oxon Hill ushajua nimezaa mwalimu.

Hujambo, mjukuu wangu? Mimi bibi yako mzima; babu yako naye mzima, ila goti linamsumbua. Unaniuliza kama uache utafiti wako, maana wenzio wanasema kuwauliza wazee wa kabila la baba yako si elimu. Nilipokuwa msichana Pemba, mtaalamu alituonyesha pa kupanda mikoko. Bibi yangu akamwambia, "Hapo itakufa, baba. Vua viatu usikie matope." Nikaona haya mimi, bibi kumwamuru msomi. Yule bwana akavua, akakanyaga matope, kisha akatoa daftari aandike maneno ya bibi.

Usiache. Njoo na daftari lako. Tunakungojeni nyote Jumapili ya kwanza baada ya Idi.