Zote Zimechomeka

Hewa Bora, Lubumbashi

Mume wangu, Baba Neema,

Natumaini barua hii inakukuta umekaa kwenye cherehani yako, mguu haujavimba tena, na wateja wa sikukuu wanakusumbua kama kawaida yao. Neema anakula vizuri? Mama kifua kimetulia? Mimi ni mzima kabisa. Ncha za vidole tu ndizo zimekuwa ngumu, na kibaridi cha asubuhi cha huku bado sijakizoea.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikianza kueleza jambo unaniuliza, "Unarudi lini?", kisha mtandao unakatika, na mimi fundi wa mtandao nabaki nimeshika simu kama mjinga. Mama Shukuru, yule muuza vitenge, anapitia Kalemie kupanda meli kuja Kigoma, ndiye atakayekupa barua hii. Swali lako nalijua: muda wangu wa majaribio kazini unaisha, je, narudi nyumbani au nabaki huku? Nitakujibu. Ila usome yote kwa mpangilio, usirukie mwisho, maana nakujua.

Kwanza acha kuniaibisha. Nasikia unawaambia watu mkeo anafunga swichi za taa! Swichi ninayofunga mimi ni kisanduku cha chuma chenye safu za matundu, na matundu hayo tunayaita porti. Kila porti inapokea kebo moja, na kila kebo inakwenda kwenye kompyuta yake. Ndani ya kebo mna nyuzi nane za rangi. Unazinyoosha, unazipanga kwa utaratibu wake, unaziingiza kwenye kichwa kidogo cha plastiki, kisha unakibana kwa koleo. Uzi mmoja ukikosea nafasi, ile kompyuta haiwaoni wenzake. Wewe unayetunga sindano bila miwani ungeipenda sana kazi hii, ingawa ungelalamika shingo kutwa nzima.

Sasa sikiliza. Tajiri wangu, Papa Mukendi, ambaye sisi mafundi tunamwita patron, ni mtu wa asili ya Kasai aliyezaliwa hapahapa mjini. Alinikabidhi kliniki moja mpya ya mama daktari mmoja, akaniambia waziwazi: kliniki hii ikienda vizuri, anaandika mkataba; ikienda vibaya, nifunge mizigo. Nikafanya kazi pamoja na Kasongo, fundi mwenzangu. Yeye alivuta kebo darini, mimi nikafunga vichwa na kuziingiza kebo kwenye swichi.

Siku ya kumaliza, umeme ulikatika asubuhi ukarudi kwa kishindo, na Papa Mukendi alikuwa mjini, roho juu. Akanipigia.

"Mama Neema, switch iko namna gani?"

"Zote zimechomeka, patron."

"Zimechomeka?"

"Zote, hadi ya mwisho," nikasema kwa majivuno. "Nimezichomeka mwenyewe kwa mkono wangu."

Simu ikakatwa. Nikadhani amefurahi. Nikakaa chini nikanywa maji, nikaanza na kuimba.

Haukupita muda akaingia anahema, jasho mpaka kwenye kola, Kasongo nyuma yake na ndoo ya mchanga, na mama daktari nyuma ya Kasongo ameziba pua kwa kitambaa. Papa Mukendi akaanza kunusa kabati la mitambo kama mtu anayetafuta panya aliyekufa.

"Moto iko wapi?"

"Moto gani, patron?"

"Weye mwenyewe ulisema! Ulisema zote zimechomeka, na ni weye uliyachoma na mukono yako!"

Baba Neema, ndipo nikaelewa. Kwetu ukichomeka kitu umekiingiza mahali pake. Huku kikichomeka kimeungua! Wao kuingiza waya wanasema kubranshe, neno la Kifaransa. Nikamwonyesha taa za kijani zinavyopepesa kwenye swichi. Kasongo akacheka mpaka ndoo ikamponyoka, mchanga wote ukamwagika mbele ya mlango niliokuwa nimetoka kuufagia.

Mimi nilicheka pia, lakini mama daktari hakucheka. Alikwisha kuambiwa kwamba mwanamke wa Kigoma ameunguza mashine zake, na hofu ikishamwingia mtu haitoki upesi. Akasema hataki niguse kitu tena. Papa Mukendi akanivuta pembeni, sauti chini (huku mteja wanamwita kiliya): "Mama, kiliya anaogopa. Pumuzika kidogo nyumbani. Kasongo atamaliza."

Nilijua kupumzika huko maana yake nini. Nikamwambia siendi. Nikamwambia kazi ni yangu, na kama ni mbovu nionyeshwe ubovu wake. Niliogopa, sitakuficha, lakini miguu haikusogea. Na Kasongo, Mungu ambariki, akasema, "Patron, mi siwezi kumalizia mwenzangu kazi yenye ameshamaliza."

Basi nikamwomba mama daktari jambo moja: tupite naye chumba kwa chumba, nipime kila waya mbele ya macho yake kwa kipimo changu, ambacho taa yake huwaka nyuzi zote nane zikiwa sawa. Akakubali, uso umekunjwa. Tukapima mapokezi, taa ikawaka. Maabara, ikawaka. Duka la dawa, ikawaka. Tukafika chumba cha wazazi. Haikuwaka.

Papa Mukendi akawahi kusema labda ni umeme wa asubuhi. Ilikuwa njia nzuri ya kunitoa, nami karibu niipite. Lakini nilikuwa nimeshakiona kile kichwa cha kebo: uzi wa buluu haukufika mwisho, umeishia njiani. Nikasema, "Si umeme. Hili ni kosa langu." Nikakikata, nikachuna kebo, nikapanga nyuzi upya, nikabana, watu watatu wamenisimamia kichwani. Nilipokirudisha kwenye tundu la kipimo, taa ikawaka.

Mama daktari akamgeukia Papa Mukendi. "Bale mafundi ba mbele, ba kliniki yangu ya zamani, kila kitu ilikuwa kosa ya courant, ya umeme. Uyu anasema kosa ni yake. Mumuache."

Nilitoka nje nikalia kidogo. Kasongo akadhani nimeumia mkono.

Sasa Papa Mukendi amepata kazi kubwa upande wa Kasapa, majengo mengi, na anataka mimi nisimamie vyumba vya swichi. Mkataba ni wa muda mrefu. Mafundi cherehani huku wana kazi, nimezunguka nikajionea, na mwenye nyumba wangu ana chumba cha pili chenye dirisha la barabarani. Shule ya kumfaa Neema iko karibu, mtu anaweza kwenda kwa miguu. Kifaransa atakishika kabla yetu.

Mpe mama mkwe salamu zangu, umwambie dawa ya kifua anayo Mama Shukuru pamoja na kitenge chake. Wifi yangu Zuhura, anayemsuka Neema, mwambie namshukuru mno. Kaka yangu Hamisi apunguze maneno juu yangu kijiweni. Neema umbusu mashavu yote mawili.

Na jibu lako ni hili. Mkataba nimeshautia sahihi. Sikukuuliza kwanza, na haikuwa kwa dharau. Ningekuuliza ungesema rudi, na mimi, kwa jinsi ninavyokupenda, ningerudi. Kasirika, una haki. Ukimaliza kukasirika, mje.

Mkeo anayekungoja,
Mama Neema