Uongo Niliomwambia Shangazi Beryl

Jumamosi, saa kumi jioni, Southall. Mvua imenyesha tangu alfajiri, ile ya London isiyo na haraka na mtu, na soksi zangu zinaning'inia juu ya hita zikitoa harufu. Sijala tangu jana usiku. Sina njaa.

Nina aibu. Nimeanza na hilo ili nisije nikajificha nyuma ya maneno mengine, maana najijua.

Kwa wasionijua, mimi ni mbeba vitu katika stoo ya makumbusho moja hapa mjini. Sitaitaja. Vitu wanavyoviona wageni kwenye vioo huko juu ni vichache. Vilivyo vingi vimelala chini kwetu, kwenye makabati, na vikihama kutoka rafu moja hadi nyingine, mikono inayovihamisha ni yangu. Miaka sita nimevaa glavu za bluu. Nabeba vizuri, sijawahi kuangusha kitu, na najivunia hilo kupita kiasi.

Wiki tatu zilizopita nilikuwa nasukuma troli simu ikalia. Alikuwa baba mdogo Charo, kutoka nyumbani, kule nyuma ya Kaloleni. Baba mdogo huniita "baba", kwa sababu nimebeba jina la baba yake, Katana. Sisi Wagiriama ndivyo tulivyo, mjukuu hupewa jina la babu na heshima ya jina huja nalo. Mzee wa miaka sabini, aliyenifunza kufuta kamasi, ananiita baba na wala hacheki.

Alikuwa na jambo. Binamu zangu wanataka kujenga nyumba pale palipokuwa boma la zamani, na katikati ya kiwanja kuna kigango cha babu. Tena wameokoka, hawataki kukiona. Yeye hawezi kukigusa bila neno langu.

Kigango ni ubao mrefu wa mti mgumu, una kichwa cha mviringo na kiwiliwili kilichochorwa pembetatu kutoka shingoni hadi chini. Si kila mtu huchongewa. Babu alikuwa mzee wa Gohu, kile chama cha wazee wa heshima wa Kigiriama, na wazee wa Gohu wakifa husimamishiwa kigango kwenye boma lao, wakatiliwa tembo la mnazi, wakaambiwa habari za nyumbani: nani kaoa, nani anaumwa, mvua imechelewa. Hakihamishwi. Watu wakihama wanakiacha pale pale kisimame mpaka mchwa wamalize kazi yao. Nikiwa mdogo nilipitishwa mbele yake nikaambiwa, huyu ni wewe.

Yote hayo nilikuwa nayajua siku ile nikiwa nimeshika troli.

"Kiondoeni tu, baba mdogo," nikasema. "Ni mti."

Akasema haya, baba, umesema wewe. Nikarudi kwenye kazi yangu. Nilikuwa na kabati la kumaliza kabla ya saa sita, na kama kuna kitu kilichonikera siku hiyo, ni gurudumu moja la troli lililokuwa linapiga kelele.

Sasa nije kwenye Alhamisi.

Walikuja watu watano kutoka Australia, wenyeji asilia wa bonde la mto mmoja huko, kumchukua mtu wao. Nasema mtu, kwa sababu ndivyo walivyosema wao. Sisi kwenye karatasi zetu tulikuwa na namba. Mabaki yake yaliletwa London enzi za wakoloni, yakakaa kwenye sanduku, na sanduku likakaa kwenye kabati ambalo nimepita mbele yake kila siku nikienda kuchemsha chai.

Kiongozi wao alikuwa bibi mfupi mwenye nywele nyeupe na viatu vya michezo. Wenzake wote walimwita Shangazi Beryl, hata wale ambao si ndugu zake wa damu, basi nasi tukamwita hivyo. Kwao mtu mzima huitwa shangazi au mjomba, na nilijisikia nyumbani mara moja.

Walitaka kumfukizia mtu wao moshi wa majani kabla hajasafiri. Unaweza kufikiria ofisi ya usalama wa moto ilivyohangaika. Barua pepe zilipishana wiki nzima, zikajazwa fomu, na mwisho ikakubaliwa kwamba moshi utafukizwa uani, na mimi nisimame kando na mtungi wa kuzimia moto. Majani yenyewe yalikuwa ya mkaratusi, mti wenye asili ya kwao Australia, yamekatwa kwenye bustani ya jirani wa mmoja wa mabosi. Shangazi Beryl aliyanusa akacheka. Akayaambia majani, kumbe na ninyi mlibebwa mkaletwa huku.

Gari la kumpeleka uwanja wa ndege lilichelewa, kwa hiyo tulikaa na chai. Akawa anamuuliza kila mtu swali moja: watu wako ni kina nani, na ardhi yako ni ipi? Alituambia kwao huwezi kumjua mtu kabla hujayajua hayo mawili. Ardhi si mali yao, wao ndio mali yake. Kila kilima na kila kidimbwi kina hadithi ya aliyekiumba, na hadithi hiyo ina watu wanaoitunza kwa nyimbo na ngoma. Asiyekuwepo kuitunza huugua, na ardhi nayo huugua. Ndiyo sababu walivuka dunia nzima kumfuata mtu mmoja. Pale alipozaliwa pana pengo, na pengo lile wanaliona.

Msimamizi wangu, Mwingereza mpole, aliulizwa akajiumauma, akasema yeye ni wa Reading, mji wa jirani tu. Tulicheka wote.

Ikaja zamu yangu. Ningeweza kusema Kenya, nikanywa chai yangu nikanyamaza. Lakini siku sita kati ya saba hakuna anayeniuliza chochote humu, na mdomo ukanifunguka. Nilimweleza kigango. Nilikieleza vizuri, hata mikono nikaitumia kuchora pembetatu hewani. Nikamweleza jina. Shangazi Beryl aliweka kikombe chini. Akasema kwao pia babu na mjukuu wako upande mmoja, wanaitana kwa neno moja. Kwa hesabu ya kwao mimi ni kama ndugu wa babu yangu, na wajibu wake ni wajibu wangu.

Kisha akauliza, "Na sasa anatunzwa na nani?"

"Amesimama mahali pake," nikamwambia. "Tunamtunza, mimi na baba yangu mdogo."

Nilisema hivyo bila hata kumeza mate. Hakuna aliyenilazimisha.

Bibi wa watu akanishika mkono. Akamgeukia msimamizi wangu, akasema mtu wao hataondoka kwa troli. Atabebwa na mtu anayejua.

Mtungi wa moto akapewa msimamizi. Mimi nikavua glavu, kwa sababu Shangazi aliniomba nivue, nikalichukua sanduku. Lilikuwa jepesi. Nilitaka liwe zito. Waliwasha majani kwenye sinia la bati, moshi mweupe ukatambaa uani chini chini kwa ajili ya unyevu, na nikapita katikati yake na sanduku kifuani, taratibu, huku Shangazi akitembea kando yangu akisema na aliye ndani kwa lugha yao. Alisema mengi. Mahali fulani nikasikia jina langu, Katana. Wenzake walikuwa wanalia. Na mimi nililia, na nikaonekana mtu mwema sana.

Usiku ule sikulala, na sitaki kuuelezea.

Jana mapema, kabla ya shifti, nilimpigia baba mdogo. Nilikuwa na tumaini la kijinga kwamba labda wamechelewa, nyumbani mambo huchelewa. Hawakuchelewa. Kiling'olewa wiki ile ile. Binamu zangu walitaka kukichoma, baba mdogo akawakatalia, akakifunga kwa mkeka akakiweka chumbani kwake. Analala nacho chumba kimoja, mzee yule, na tangu hapo hapati usingizi. Amekwenda kwa wazee wa Gohu waliobaki, ni wawili tu. Wamemwambia hawawezi kusema kama kitasimamishwa tena au la. Kwanza aje aliyetamka, asimame pale shimo lilipo, aombe radhi kwa kinywa chake.

Nikamuuliza kwa nini hakunikatalia siku ile. Yeye ni mkubwa, angenikaripia.

"Ningemkatalia vipi baba yangu?" akasema.

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira ningejua la kufanya nayo.

Wenzetu wengi wa pwani wameibiwa vigango usiku, vikauzwa, vikasafirishwa mpaka kwenye nyumba za matajiri na makumbusho ya ng'ambo. Wiki yangu ya kwanza kazini niliomba kuangalia kama na sisi tunavyo stoo. Hatukuwa navyo, nikashukuru, na tangu hapo kila ikija habari ya wizi ule huwa wa kwanza kulaani. Cha babu hakikuhitaji mwizi. Mwenye jina lake alikitoa mwenyewe, ana haraka na kabati.

Leo asubuhi nilipanda treni hadi Paddington, kwenye hoteli yao. Walikuwa wanaondoka mchana. Njia nzima nilikuwa natafuta sababu ya kushuka. Kumwambia kutamfaidia nini? Ana safari ndefu, mwache aende na moyo mweupe. Hoja nzuri, na zote zilikuwa za kuniokoa mimi.

Nilimkuta sebuleni kwa wageni, kazungukwa na mabegi, anakula tosti. Alifurahi kuniona. Hilo lilikuwa gumu kuliko maneno yenyewe. Nikamwambia nimesimama, kama mtoto wa shule: kigango hakipo mahali pake, kimeng'olewa kwa neno langu, kimelazwa sakafuni chumbani kwa baba mdogo, wazee wananitaka niende kuomba radhi, na Alhamisi nilipokuwa nasema amesimama nilikuwa najua nilichoagiza.

Alitafuna akamaliza. Hakuniambia usijali. Nilikuwa nimejiandaa kwa usijali, Waingereza wamenizoesha.

"Nilikutambulisha kwake," akasema mwishowe. "Nilimwambia usiogope, anayekubeba anawatunza wake. Umenifanya nimdanganye mzee wangu, siku anayoanza safari ya kwenda nyumbani."

Kumbe hicho ndicho alichokuwa akisema katika moshi, palipotajwa jina langu. Nilidhani nimemdanganya bibi mmoja kwenye kikombe cha chai. Nilikuwa nimemdanganya marehemu, tena kwa kinywa cha mtu mwingine.

Nikamuuliza kama naweza kwenda mwenyewe kumwomba radhi, popote sanduku lilipo. Alitikisa kichwa. Akasema hiyo ni kazi yake, watakuwa ndege moja, atamwambia upya njiani. Kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia.

"Na wako? Ameambiwa kwamba unakuja?"

Nikasema bado sijaomba hata likizo. Akasema hajaniuliza habari ya likizo.

"Mimi nitasema na wangu," akasema. "Wewe sema na wako. Usimwache amelala sakafuni hajui kinachoendelea."

Akarudi kwenye tosti yake. Hatukukumbatiana. Nilimbebea mabegi mawili hadi kwenye teksi kwa kuwa ndicho ninachokijua, na akaniruhusu.

Teksi ilipoondoka nikabaki kwenye njia ya miguu mbele ya hoteli, mvua ikininyeshea, watu wakinipita na masanduku yao ya magurudumu. Nilijua nikifika Southall nitajitafutia shughuli. Lazima niseme naye pale pale. Lakini sikuwahi kusema na babu peke yangu. Siku zote walisema wakubwa, mimi nikishikilia kibuyu. Sikujua hata neno la kwanza.

Nikatoa simu, nikaiweka sikioni, ili wapitao wadhani nina mtu kwenye laini. Nikaanza kwa Kigiriama. Babu, ni mimi Katana. Nikasema sentensi mbili, tatu, kwa sauti ya chini, jicho likiwa kwa wapita njia kama nimeiba.

Kisha nikasikia ninachofanya. Namwomba radhi kwa kumwita mti, huku bado namwonea aibu mbele ya watu.

Niliweka simu mfukoni, nikavua kofia, nikaanza upya kwa sauti.