Mbwa Wangu Amechoka, Lakini Sitaki Aache Kazi

Kwako mshauri Bi Raisa, mimi si mtu wa kulilia watu kwa gazeti, na kalamu yenyewe hatujuani sana kwa maana shule niliiacha mapema, lakini leo naomba unisikize mpaka mwisho.

Mimi nilikuwa askari wa kikosi cha mbwa huko Nairobi, na uliza mtu yeyote wa wakati ule, hakuna mbwa aliyenishinda, hata wale wa kuuma wakubwa wao wenyewe niliwaambia kaa na wakakaa, halafu mke wangu akafa na binti yangu Truphosa ambaye ni nesi akanileta huku Great Barr, ng'ambo kwa Waingereza, nikawa nashinda nyumbani naangalia ukuta mpaka nikamchukua Sajini kutoka makao ya mbwa waliotupwa, mbwa mweusi mkubwa, nikamfundisha kwa Kiswahili kwa sababu Kiingereza changu ni cha kununua mkate tu. Wale watu wa kupeleka mbwa kwa wagonjwa wakampima, wakaangusha sufuria nyuma yake, wakamvuta masikio, hakutikisika, wakatupatia beji moja yenye picha yetu sisi wawili, na mama anayetusimamia, anaitwa Jyoti, akasema hajaona mbwa kama huyu, nikamwambia ni kwa sababu hajaona mwalimu kama mimi.

Kila Jumatano tunapanda basi kwenda nyumba moja ya wazee huko Erdington. Kuna mama wa Unguja pale, Bi Kijakazi, ugonjwa wa kusahau umemfutia Kiingereza chote, wauguzi walisema haongei na mtu, kazi yake ni kutazama dirisha, lakini siku ya kwanza nilipomkemea Sajini mlangoni, "Kaa! Tulia!", yule mama akageuka akasema, "We baba, mbona wamfokea mnyama wa watu? Kakukosea nini?" Muuguzi akaita wenzake waje wasikie. Tangu hapo tunaongea mpaka saa zinaisha, ananicheka ati Kiswahili changu kimekauka kama mkate wa juzi, na Sajini analala palepale mlangoni kwa maana mama ni Mwislamu, anasema, "Mbwa wako mzuri, lakini na akae hukohuko, udenda wake usinifikie, nna udhu mie," na kijana wake Idarous ameridhika hivyo.

Sasa shida ni kwamba Sajini amezeeka, nyonga zimekwisha, daktari wa mbwa amesema haziponi, akampa dawa ya maumivu tu, na siku hizi akiona nimetoa kile kitambaa chake cha kazi anaingia chini ya meza. Jumatano iliyopita mzee mmoja alimpapasa mgongo, Sajini akanguruma, mara moja tu, hakuna aliyesikia isipokuwa mimi, na sheria ni kwamba mbwa akinguruma unamwambia Jyoti, lakini sikumwambia. Truphosa ananiambia, "Baba, huyo mbwa anaumwa, si umwache apumzike?" Nikamwambia asinifundishe mambo ya mbwa. Kwa maana Sajini akistaafu beji imekwisha, na Bi Kijakazi anamngoja Sajini, tusipoenda atarudia dirisha lake na mimi ukuta wangu. Basi nimefikiria Jumatano asubuhi nimfichie dawa ya maumivu ndani ya nyama, twende, asingurume, na nisiseme kitu. Kama ni vibaya niambie nifanye nini, kwa maana mimi sijawahi kushindwa na mbwa.

Barnabas, Great Barr

Bi Raisa anajibu:

Mzee Barnabas, shikamoo na pole. Pole ya mke, na pole ya Sajini pia, maana naona unaomboleza kabla ya msiba. Sasa nisikilize na usinune.

Ni vibaya, tena vibaya sana. Dawa ya kumpumzisha mbwa wewe unataka kumpandishia basi! Asiposikia maumivu atajiumiza zaidi, na dawa ikiisha nguvu katikati ya wale wazee hatanguruma tena, atauma. Unaijua ngozi ya wazee, inachanika kwa kuguswa tu. Na atakayelipa ni mbwa, si wewe. Haya yote unayajua kuliko mimi. Alipoingia chini ya meza alikuwa anakuomba ruhusa, ukaelewa, ukamnyima.

Halafu kuna jambo umeliandika kwa mkono wako na hukuliona. Sajini analala mlangoni. Bi Kijakazi hamgusi, wala hataki amsogelee, ana udhu wake. Mimi nimelelewa na bibi wa namna hiyo, Mzee wangu, na nakwambia hangoji mbwa. Kilichomgeuza shingo ni Kiswahili, hicho hicho chako kilichokauka. Barua nzima unajisifu, na palipokuwa pa kujisifu kweli sifa umempa mbwa.

Sitakudanganya. Ugonjwa ule haurudi nyuma. Itafika siku utaingia asikujue, na Kiswahili nacho kitamtoka. Sajini naye hana safari ndefu. Ukuta wako utakuwepo tu, hilo siwezi kukuondolea.

Lakini mpigie Jyoti leo, umwambie alinguruma, na kitambaa ukirudishe. Kisha umtafute Idarous, umwombe umtembelee mama yake kama mgeni wa kuzungumza naye. Kwa hilo beji ya mbwa haihitajiki, na nyumba ile ikitaka makaratasi Truphosa atakujazia, ukishamwambia kwamba alisema kweli. Mwambie leo, hata kama ulimi utakataa.

Jumatano mpe Sajini dawa yake kwa ajili yake mwenyewe, mwache kwenye blanketi, upande basi peke yako. Bi Kijakazi akiuliza mbwa yuko wapi, mwambie amezeeka. Na wewe usisimame mlangoni. Vuta kiti, Mzee. Kaa. Tulia.