Hina ya Mkono Mmoja

Malindi, Unguja
Jumapili asubuhi

Kwa mama yangu mpenzi, Bi Mashavu,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, goti limepoa na kuku wako wameacha kuparua mchicha wa jirani. Hapa kwa mama mdogo, Bi Maisara, sote hatujambo, ila yeye analalamika kuwa siku hizi nnakula huku nimeikodolea macho kompyuta. Usishangae Mjomba Simai kukuletea karatasi wakati simu ipo. Simu wewe unaipokea uani, sauti juu, na nyumba nzima inasikiliza. Haya ni yetu mimi na wewe.

Mama, nimepata kazi! Kazi yangu ya kwanza ya kutengeneza tovuti, ile niliyokueleza kuwa ni kama duka la mtu, ila limo ndani ya simu. Tangu nimalize kozi nimezunguka miezi mitatu, Darajani mpaka Amani, na kila mwenye duka ananiuliza nshamtengenezea nani. Nikisema bado, ananitakia kila la heri. Sasa huyo wa kwanza ningempata wapi, ikiwa kila mtu anataka kuwa wa pili? Nawe uliniambia wazi: mwaka mmoja tu mjini, nisipoona kazi nnarudi Tumbatu. Ulikuwa umebaki mwezi.

Aliyenikubali ni Bi Shemsa, fundi wa hina, anayeheshimiwa mtaa mzima kwa kupamba maharusi. Alisema yeye hajui tovuti ni mdudu gani, lakini watu wa Daresalama na Muskati wanamtafuta hawampati. Nikampangia kurasa zake, kazi zake, namba yake ya simu. Zikakosekana picha tu.

Hapo ndipo nilipoharibu. Alikuwa akimpaka hina bi harusi mmoja, Bashira, nami nikaruhusiwa kupiga picha ya mikono, kwa sharti isitoke mpaka harusi ipite. Unajua mwenyewe, hina ya bi harusi, mtu wa nje wa kwanza kuiona ni bwana harusi. Mimi na haraka zangu nikajiambia uso haupo, jina halipo, nani atajua? Nikaiweka. Ala! Wiki ile Bi Shemsa alikuwa na harusi moja tu, na mji huu una macho. Kabla ya adhuhuri wifi yake Bashira keshaiona, keshaisambaza, na bwana harusi keshaletewa kwenye simu yake. Mama yake Bashira alikuja analia.

Nilitamani ardhi inimeze. Niliifuta picha, nikaenda kumwomba radhi Bashira, nikawaambia wote kuwa Bi Shemsa hana kosa, kosa ni langu. Bi Shemsa akanituma nikamletee mkoba wake. Akachanganya piko, ile rangi nyeusi, akakaa na Bashira mpaka alasiri, akapita juu ya hina kwa maua mengine kabisa, ikawa hina mpya ambayo hakuna aliyeiona. Bwana harusi, nasikia, alicheka mwenyewe. Na Bashira amenisamehe, hata pilau ya harusi aliniletea.

Lakini Bi Shemsa akasema picha ya bi harusi hataki tena kuiona humo. Tukatafuta njia nyingine, na sasa tovuti imekamilika. Watu wanapiga simu. Wiki ijayo nnaanza ya nyumba ya wageni ya Bwana Mmanga, na amenitafuta yeye mwenyewe! Nna furaha, mama, mpaka usingizi unanipaa.

Sasa lile lililonifanya nishike kalamu. Mikono iliyomo kwenye tovuti ni yangu. Utakuja kuletewa maneno kuwa Nadra amepakwa hina kamili na piko juu kama bi harusi, kaolewa mjini kimyakimya. Wallahi sijaolewa, hata mchumba sina. Linaloniuma ni jengine. Tangu mdogo nnakuona ukiutunza ule mhina nyuma ya nyumba, ukisema hina yangu ya kwanza kamili utaitwanga wewe kwa mkono wako.

Bi Shemsa alipomaliza mkono wa kushoto akaniambia nilete wa kulia. Nikauficha ndani ya buibui, nikamweleza habari ya mhina wako. Akafunika bakuli lake la hina. Picha ya mkono huo mmoja nikaigeuza kwa kompyuta, ukatokea wa kulia. Mwambie Mjomba Simai akuoneshe kwenye simu yake, utazame vizuri: vidole gumba vyote viwili vina kovu. Nami kovu la mbuzi ya nazi nnalo moja tu, wewe ndiye uliyenifunga kitambaa siku ile.

Nakuomba radhi, na nakuomba mwaka mwengine. Nisalimie wote, wadogo kwa wakubwa, na majirani wanaouliza habari zangu. Mkono wa kulia hauna hata doa. Umwagilie maji mhina wangu, usikauke.

Mwanao akupendaye,
Nadra